Kompyuta ya Umoja na koini zilizokula tokeni

Tokeni ya umeme ya shilingi 1,000 ilikuwa ikimkalia mpwa wangu wiki tatu. Mwezi Mei 2025 ikaisha siku ya sita kabla ya alfajiri. Friji ikanyamaza, naye akadhani mita imeharibika. Alinipigia simu nikiwa kwenye matatu, nikielekea dukani.

"Shikamoo mjomba. Hii mita yangu inakula kama imetumwa."

Nikamwuliza ameongeza kitu gani nyumbani. Hajaongeza kitu. Nikamwuliza tena, polepole, ndipo akakumbuka kwamba kompyuta haijazimwa tangu Jumamosi. Inachimba: inaupigia mtandao wa fedha za kidijitali hesabu ili ilipwe koini.

Mimi hutengeneza kompyuta Luthuli Avenue, Nairobi, orofa ya pili, kwenye kibanda cha upana wa meza moja na nusu. Swali la "koini gani inalipa nikichimba nyumbani?" hunijia kila bei zinapopanda gazetini, na kwa miaka mingi nimelijibu kwa mdomo tu. Mara hii tulipima. Badala ya kumgombeza nilimwambia aendelee hadi mwisho wa Juni, mradi kila kitu kiandikwe: wati, uniti, koini, saa. Daftari lina siku 44, kuanzia Jumamosi ya tarehe 17 Mei hadi Jumapili ya tarehe 29 Juni. Amekubali niyaeleze haya bila kutaja jina lake, wala la bibi harusi atakayeingia baadaye.

Mashine yenyewe si mbaya. Ina prosesa ya Ryzen 5 3600 yenye kori sita, kadi ya michoro ya GTX 1660 Super ya gigabaiti 6, na RAM ya gigabaiti 16. Hakuinunua kwa uchimbaji. Ni ya kuhariri video za harusi, za matanga na za mahafali, na ndiyo inayomlipia kodi ya chumba na sebule huko mtaa wa Umoja. Jambo moja lililotusaidia ni kwamba ana mita yake mwenyewe ya Kenya Power. Ploti nyingi za huko zina mita moja kubwa na vijimita vya ndani, na mwenye nyumba hutoza uniti kwa bei yake. Ukiwa huko, hesabu nitakazotoa hapa zibadilishe ziendane na bei unayotozwa.

Kilichomsukuma ni picha mbili. Ya kwanza ilikuwa chati ya bei ya Monero, koini inayoficha nani kamlipa nani. Tarehe 28 Aprili 2025 bei ya koini hiyo iliruka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya saa chache. Kwenye kundi lake la Telegram wakaitana: Monero inachimbwa kwa prosesa ya kawaida, haina haja ya mashine ya pekee, kila mwenye kompyuta aamke. Hakuna aliyewaambia sababu. Mpelelezi wa mitandaoni ajulikanaye kama ZachXBT alionyesha kwamba bitcoin 3,520, zenye thamani ya dola zaidi ya milioni 330, zilitoka mfukoni mwa mtu mmoja kwa kile kilichoonekana kuwa wizi, na zikabadilishwa upesi kuwa Monero ili nyayo zipotee. Yaani chati iliyomwamsha kijana wa Umoja ilichorwa na mtu anayekimbia na mali ya wenyewe. Hilo halifanyi koini kuwa mbaya. Ila si soko lililokuwa likimwita.

Picha ya pili ilikuwa ya 2021: kadi kama yake, mstari wa kijani, dola mbili na ushee kwa siku. Ilikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo hatari yake. Mwaka ule kadi ya 1660 Super ilikuwa ikichimba koini ya Ethereum kwa heshi, yaani majaribio ya hesabu, milioni 31 hivi kila sekunde, ikila wati zisizofika 80, na dola mbili au tatu zilipatikana. Lakini tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji moja kwa moja. Tangu siku hiyo wanaoidhinisha miamala ni wenye kuweka amana ya koini, si wenye kadi. Kadi zote za dunia zilizokuwa zikila kwenye sinia hilo zikahamia kwenye visahani vilivyobaki. Nyingine ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na sitashangaa kama hii ya mpwa wangu, aliyoinunua mkono wa pili, ni mmoja wa mayatima hao.

Basi tukaanza na ukuta. Kipima wati ni kidude cha kuchomeka kati ya plagi na soketi, nacho hakijali programu inadai nini kwenye skrini. Kompyuta ikiwa imewaka tu bila kazi: wati 52. Prosesa pekee ikichimba Monero: 131. Kadi pekee ikichimba koini ya Ravencoin, baada ya kuipunguzia nguvu hadi asilimia 70: 150. Zote mbili pamoja: 232. Wiki ya kwanza, kabla sijagusa chochote, mashine ilikuwa ikila wati 270. Ndiyo iliyomaliza tokeni.

Tazama tofauti ya kipimo hiki na ile namba ya programu. Programu ya kuchimbia kwa kadi ilikuwa ikionyesha wati 88, akaamini hiyo ndiyo gharama. Hiyo ni kadi peke yake. Haihesabu ubao mama, feni, diski, wala umeme unaopotea ndani ya pawasaplai kabla haujafika popote. Mita ya ukutani inahesabu vyote.

Halafu bei ya uniti, yaani wati 1,000 zikiliwa kwa saa nzima. Mpwa wangu alikuwa akitumia uniti 55 kwa mwezi, na shilingi 1,000 zilikuwa zikimpa uniti 40: shilingi 25 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo zote. Hapo ndipo kikokotoo alichotumia kilipomdanganya kwa adabu. WhatToMine ni chombo kizuri, nami hukitumia, ila ukikifungua kinaanza na bei ya umeme ya senti 10 za dola kwa uniti. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni shilingi 13, karibu nusu ya bei ya Umoja. Yeye hakuibadilisha. Tena alisoma safu ya mapato, akaiacha ya faida.

Nilichomfundisha ni kuacha kuuliza koini ipi inalipa, aulize umeme wa shilingi ngapi ndio koini hii inauvumilia. Unachukua mapato ya siku kwa shilingi, unagawa kwa uniti ambazo mashine inakula kwa siku hiyo. Jibu ni bei ya uniti ambayo ukilipa, hupati wala hupotezi. Mimi naiita bei ya mzani. Ukishaipata, unaiweka kando ya risiti yako ya tokeni. Hakuna chati, hakuna Telegram.

Tukapita koini moja moja.

Bitcoin haikutuchukua hata kikombe cha chai. Tangu 2013 inachimbwa kwa mashine za ASIC, ambazo hazijui kazi nyingine duniani. Antminer S21 moja inapiga heshi trilioni 200 kwa sekunde. Kadi ya mpwa wangu ingejitahidi kwenye bilioni moja hivi. Kwa mwezi mzima isingenunua peremende. Lakini akauliza, na lilikuwa swali zuri: "Je, nikikopa ninunue hiyo S21?" Inakula wati 3,500. Soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13, ambayo kwa volti 240 ni wati 3,120, kwa hiyo kabla ya hesabu ya fedha kuna hesabu ya moto. Kwa siku ni uniti 84. Kwa hali ya soko la Juni 2025, miezi kumi na minne baada ya malipo ya kila bloku, yaani fungu la miamala iliyoidhinishwa, kupunguzwa hadi bitcoin 3.125, mapato yake yalikuwa kama shilingi 1,400 kwa siku. Bei ya mzani: chini kidogo ya shilingi 17. Na mtu anayetumia uniti nyingi namna hiyo hauziwi kwa 25. Hata hiyo mashine yenyewe, ikiwekwa sebuleni Nairobi, inamla mwenyewe.

Ethereum Classic, lile tawi lililobaki na uchimbaji, ilimpa kati ya shilingi 3 na 5 kwa siku. Bei ya mzani: shilingi moja na kitu. Tukaiacha.

Ravencoin ilikuwa na haki ya kusikilizwa. Ilianza Januari 2018, na tangu Mei 2020 inatumia algoriti (kanuni ya hesabu) ya KawPow, iliyotungwa makusudi kadi za kawaida zisifukuzwe na ASIC. Bloku moja kila dakika, na wakati huo malipo ya kila bloku yalikuwa koini 2,500. Inasikika kama mvua ya pesa mpaka ukumbuke kwamba koini yenyewe ilikuwa ikiuzwa kati ya senti moja na mbili za Marekani. Kadi ilitoa koini 11 na ushee kwa siku, kama shilingi 21. Ilikula uniti 3.6. Bei ya mzani: shilingi 6.

Monero ndiyo iliyotuchukua jioni nzima, kwa sababu ndiyo koini pekee kubwa ambayo kompyuta ya nyumbani ina nafasi ya kweli ndani yake. Tangu tarehe 30 Novemba 2019 inatumia RandomX. Algoriti hii inaifanyisha prosesa kazi za aina ambazo prosesa huziweza vizuri kuliko kitu kingine chochote: programu fupi za kubahatisha, zinazohitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 na zaidi, na kashe (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 2 kwa kila uzi wa kazi. Kadi za michoro zinaivizia bila mafanikio. Ryzen 5 3600 ina kashe ya megabaiti 32, kwa hiyo nyuzi zake zote 12 zinapata kiti.

Alipoanza alikuwa akipata heshi 5,200 kwa sekunde. Nilifanya mambo mawili. Niliifuta ile programu aliyopewa kwenye kundi, nikapakua XMRig, programu ya kuchimbia Monero, upya kutoka kwa waundaji wake na kulinganisha namba za uhakiki. Faili za kupeana mkononi mara nyingi huwa na anwani ya waleti (pochi ya koini) ya mtu mwingine imefichwa ndani, na wewe unamchimbia huku ukilipa stima. Pili, niliwasha kurasa kubwa za kumbukumbu kwenye Windows. Ni mpangilio mmoja tu, unataka uiwashe upya kompyuta, na kwenye RandomX tofauti yake ni kubwa kuliko kitu chochote unachoweza kununua. Heshi zikapanda hadi 7,000, na umeme ukabaki karibu uleule.

Sasa hesabu. Monero hutoa bloku kila dakika mbili, na tangu Juni 2022 kila bloku ina malipo ya kudumu ya koini 0.6. Siku moja ina bloku 720, kwa hiyo dunia nzima inagawana koini 432 kwa siku. Huo ndio wali wote uliomo kwenye sinia. Wakati ule mtandao wote ulikuwa ukipiga karibu heshi bilioni 5 kwa sekunde. Elfu saba katika bilioni 5, mara 432, unapata koini 0.0006 kwa siku. Kwa bei ya dola 320 ni senti 19 za Marekani, yaani shilingi 25. Prosesa imekula uniti 3.1. Bei ya mzani: shilingi 8.

Akanyamaza kidogo, halafu akaja na hoja ambayo nilikuwa nikiisubiri. "Lakini mjomba, kompyuta huwa imewaka kwa kazi hata hivyo." Sawa. Tukatoa zile wati 52 za bure, zikabaki 79. Bei ya mzani ikapanda hadi shilingi 13. Bado ni nusu ya risiti. Hata jirani yake wa kundi la chini kabisa la bei ya umeme, asiyefikisha uniti 30 kwa mwezi, alikuwa akilipa zaidi ya shilingi 12 kabla kodi na tozo hazijaguswa. Naye akiwasha prosesa ile mchana na usiku, uniti 94 za mwezi zitamtoa kwenye kundi hilo.

Zote mbili pamoja, prosesa na kadi, zilileta shilingi 46 kwa siku na kula umeme wa shilingi 139. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitokea kila siku, usiku na mchana, huku mstari wa kijani ukipanda kwenye skrini.

Wapo watakaosema tulichagua koini za zamani, kwamba mchimbaji wa nyumbani anapata kwenye koini changa kabla watu hawajafika. Kuna ukweli ndani yake. Kaspa ilianza Novemba 2021, ikachimbwa kwa kadi za kawaida, na waliokuwepo mapema walipata koini nyingi zilipokuwa hazina thamani. Mwaka 2023 mashine za ASIC za Kaspa zikaingia na kadi zikawa mapambo. Dirisha lilikuwepo, ila lilifungwa. Na kwa kila Kaspa moja kuna koini kadhaa ambazo hakuna soko linalozipokea, na waleti zake huacha kufunguka siku mwandishi wake anapochoka. Hiyo ni bahati nasibu, na tiketi yake inalipiwa kwa tokeni. Sikatazi mtu, ila asiiweke kwenye safu ya mapato.

Kuna jambo ambalo kikokotoo hakiwezi kulionyesha, kwa sababu kinapiga picha ya leo. Koini inapopanda bei, wachimbaji wanaikimbilia, na mtandao unapandisha ugumu ili bloku zisitoke haraka. Bitcoin hujirekebisha kila baada ya bloku 2,016, wastani wa wiki mbili. Monero hujirekebisha kila bloku, ikitazama siku moja iliyopita. Kwa hiyo ile ruka ya Aprili, hadi kijana wa Umoja amemaliza kupakua programu, ilikuwa imeshagawanywa. Mwenye umeme wa senti tatu za dola ataendelea kuongeza mashine mpaka faida ibaki ile inayomtosha yeye. Wewe wa senti 19 unacheza mchezo ambao bei yake inapangwa na huyo.

Sasa bibi harusi.

Wiki ya pili ya Juni mpwa wangu alikuwa na harusi ya mtaa wa Utawala mezani. Alianza kuitoa video saa mbili usiku, akalala. Kazi hiyo humchukua saa mbili. Alisahau kusimamisha uchimbaji, na kori sita zikagawanywa kati ya kazi mbili. Saa saba za usiku bado ilikuwa ikikokota. Asubuhi akagundua mlio umekwaruza mahali, akarudia. Alikabidhi kazi siku moja na nusu baadaye, na akapunguza shilingi 1,500 kwa ajili ya heshima. Fedha hizo ni karibu miezi miwili ya Monero kwa prosesa yake. Kwenye daftari nimeziandika safu ya gharama, naye alipinga, akisema hilo ni kosa lake si la koini. Nikaliacha palepale.

Joto nalo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na feni ileile inapoza kidogo kuliko ingepoza Malindi kwetu. Kadi ilikaa kwenye nyuzi 74 hata Juni ya baridi. Hata hivyo daftari linaonyesha mtu mmoja aliyefaidika bila shaka yoyote. Dada yangu alikuja kutoka Malindi kumtembelea mwanawe, na watu wa pwani mnajua Juni ya Nairobi inavyotupokea. Alivuta kiti chake kando ya lile boksi, akatandaza leso magotini, akaanza kumwita mwanawe amsogezee uzi wa kufuma. Wati 232 zinazoingia kwenye kompyuta zinatoka zote kama joto, sawasawa na hita ya umeme ya ukubwa huo. Mtu ambaye angewasha hita hata hivyo anaweza kusema kwa haki kwamba koini zake ni za bure. Ni nyumba chache sana Nairobi zenye hita. Wengi tuna blanketi.

Kutoa fedha kulikuwa na vituko vyake. Monero iliondolewa kwenye soko la koini la Binance tarehe 20 Februari 2024, na wauzaji wengi hapa hupitia huko kubadilisha koini kuwa shilingi za M-Pesa baina ya mtu na mtu. Mwenye Monero lazima kwanza aibadilishe iwe koini nyingine, na kila hatua inakata chake. Isitoshe, kundi la wachimbaji alilojiunga nalo halikuwa likilipa chini ya koini 0.1 bila kukata ada. Kwa 0.0006 kwa siku, angesubiri miezi mitano na nusu. Kuna P2Pool, ambayo haina ada wala mtu wa kukushikia fedha, ila inataka uendeshe nodi yako, yaani utunze nakala ya daftari la miamala ya Monero, na diski yake ilikuwa imejaa harusi za watu. Akauza Ravencoin peke yake, kama koini 500, na M-Pesa ikapokea shilingi 780. Monero, 0.026 hivi, akaitoa kwa ada na kuiweka kwenye waleti. Kodi haikuwa tatizo lake kubwa: ile asilimia 3 ya mali za kidijitali iliyokuwepo tangu Septemba 2023 iliondolewa kuanzia tarehe 1 Julai 2025, ikaja ushuru wa asilimia 10 juu ya ada wanazotoza watoa huduma.

Jumla ya siku 44: umeme wa uniti 240 hivi, shilingi 6,000. Koini zote, zilizouzwa na zilizobaki, kama shilingi 2,000 kwa bei ya siku ileile.

"Lakini sijauza Monero," akasema. "Ikipanda mara tano?"

Hii ndiyo hoja ya mwisho ya kila mchimbaji wa nyumbani, na watu wengi hushindwa kuijibu kwa sababu huanza kubishana kama itapanda au haitapanda. Mimi simbishii. Tuseme itapanda mara tano. Zile shilingi 6,000 za tokeni, kama angenunulia koini siku hizohizo, angekuwa na koini za thamani karibu mara tatu ya alizochimba, hata tukitoa makato ya njiani. Zikipanda mara tano, hizo nazo zitapanda mara tano. Kadiri mtu anavyoamini zaidi kwamba bei itapanda, ndivyo anavyopata hasara zaidi kuchimba kwa umeme wa bei ghali badala ya kununua. Aliifuata hesabu hiyo kwa kidole juu ya karatasi mara mbili. Hakusema kitu. Usiku wa tarehe 29 Juni akazima.

Akaniuliza nani basi anapata. Nikamwambia kuhusu Gridless, kampuni ya hapahapa Kenya inayochimba Bitcoin kando ya mitambo midogo ya maji vijijini, ikinunua umeme ambao wanakijiji bado hawajauhitaji na ambao ungemwagika tu. Bei yao ya uniti na ya Umoja haziko kwenye risiti moja. Mwenye sola yenye ziada mchana naye anaweza kupiga hesabu yake upya, mradi asizisahau paneli na betri. Kuna pia wale wanaochimba kwa stima ya ofisini, au kwenye chumba ambacho umeme umejumlishwa kwenye kodi. Hao bei yao ya uniti ni sifuri na kila koini inawalipa. Ni kwa sababu anayelipa ni mtu mwingine ambaye hajaulizwa, na nilimwambia waziwazi sitaki kusikia amehamia huko.

Nilidhani tumemaliza. Julai akanunua tokeni ya shilingi 1,000, akapata uniti 34.

Bei za umeme wa majumbani hupangwa kwa makundi matatu, kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita: hadi uniti 30, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Wakati akichimba Mei na Juni, wastani wake ulikuwa bado umeshikiliwa chini na miezi ya nyuma, kwa hiyo alikuwa akinunua kwa shilingi 25 kama kawaida. Ndiyo maana hata mimi sikuliona likija. Aprili yake ilikuwa uniti 55, Mei 134, Juni 197, wastani karibu 129. Alipozima mashine, ndipo kundi la juu likamfungulia mlango. Taa, friji, simu na pasi, vyote kwa shilingi 29 na senti. Agosti hivyohivyo. Septemba nilikuwa na hakika atashuka, tukapiga hesabu: Juni 197, Julai 57, Agosti 57. Wastani 103.7. Uniti tatu na kitu zikamfungia mwezi mwingine mzima.

Kwa miezi hiyo mitatu alilipa ziada ya shilingi 700 hivi kwa koini ambazo hakuwa akichimba. Nikaziongeza kwenye daftari, chini ya bibi harusi. Mara hii hakupinga.

Tarehe 3 Oktoba alinitumia picha ya risiti bila salamu wala maelezo. Shilingi 1,000, uniti 39.8.